Bima ya trela Florida: mwaka mmoja na nusu na ajenti wangu wa Polk County, nyota 4 kati ya 5

Naandika hii kwa ajili ya yeyote anayekaa kwenye mobail homu (nyumba ya kutengenezwa kiwandani, wengi tunaita trela) huku Florida au anayefikiria kununua, maana mi nilipokuwa natafuta bima sikumpata mtu hata mmoja wa kunieleza kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza maneno yake yanachanganya mpaka mtu unaona bora usaini tu yaishe. Ofisi ya ajenti sitaitaja, kampuni ya bima pia sitaitaja, nitaeleza huduma yenyewe na hela yenyewe, we utajua la kuuliza ukienda huko kwako.

Hali yetu iko hivi. Tuko Polk County, katikati ya Tampa na Orlando, mbali na bahari. Machi 2024 tulinunua trela la vipande viwili, la mwaka 1996, kwenye paki ambayo kiwanja unakodi kwa mwezi na nyumba ndo yako. Tulilipa kesh kwa hiyo hakuna benki ya kutulazimisha kukata bima, na mume wangu alikuwa anasema tutulie kwanza, tujipange, bima tutaangalia mwakani. Nilikataa kabisa. Hela yote tuliyodunduliza miaka 9 ilikuwa pale, hatuna nyingine. Halafu kuna mzee jirani yetu, amekaa paki hii toka miaka ya tisini, yeye ndo aliniambia habari za 2004, kwamba Charley, Frances na Jeanne, vimbunga vitatu, vyote vilipita juu ya kaunti hii hii kuanzia Agosti 13 mpaka Septemba 26. Watu wengi wanafikiri ukishakaa mbali na bahari umepona. Mawimbi ya bahari ni kweli hayakufikii, ila upepo unafika, na trela linashindana na upepo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Basi nikaanza kutafuta, na kilichonivuta mwanzoni ni bei tu. Ajenti wa kwanza nilimpata kwa simu, mchangamfu, dakika kumi kanipa kotesheni ya dola 890 kwa mwaka. Wakati watu wote pale paki walikuwa wanataja dola 2,000 na zaidi! Nilifurahi nikampigia mume wangu kazini. Kesho yake akanitumia makaratasi kwa imeili, mengi ya kusaini kwa kubonyeza tu, ila karatasi moja ikataka niandike kwa mkono wangu mwenyewe, nikopi sentensi zilizokuwa pale juu halafu niweke sahihi na tarehe. Nikamuuliza ya nini, akasema ni fomu tu ya kawaida, kopi hivyo hivyo.

Nikazisoma sentensi zenyewe. Zilikuwa zinasema mimi sitaki bima ya mobail homu yangu ilipe uharibifu wa dhoruba za upepo, gharama hizo nitalipa mwenyewe, bima yangu haitalipa.

Nilikaa pale mezani nimeshika kalamu mwili wote umeisha nguvu. Nyumba ya Florida, trela, bila upepo! Baadae nikaja kuelewa kwamba hiyo karatasi imewekwa na sheria ya jimbo kwa makusudi, yaani ukitaka kutoa upepo kwenye bima yako lazima uandike sentensi hizo mwenyewe na kuweka sahihi ili isije kusemwa hukujua, na kama una mkopo basi aliyekukopesha naye lazima akubali kwa maandishi. Kwa hiyo sheria inakulinda, ila itakulinda ukisoma. Yule ajenti alikuwa ananiharakisha nikopi bila kusoma na hilo ndo siwezi kumsamehe, kwa sababu kuna watu Kiingereza chao ni cha kubabaisha kuliko changu, wangekopi na kushukuru. Ukipewa kotesheni iliyo nusu ya za wenzako wote, swali la kwanza muulize upepo umo au haumo, na umuombe ajibu kwa imeili.

Baada ya hapo ndo mzee jirani akanipeleka kwa ajenti wake, mama mmoja mwenye ofisi ndogo, ajenti huru, maana yake hafungwi na kampuni moja, anatafuta kwenye kampuni kadhaa kwa niaba yako na hela yake anapewa na kampuni ikishauza. Kabla ya kwenda nilimcheki kwenye tovuti ya Idara ya Huduma za Fedha ya Florida, pale unaandika jina tu unaona kama leseni yake ipo hai, ni bure, dakika mbili.

Huyu mama sasa ndo ninayempa nyota. Siku ya kwanza hakunitajia bei hata moja. Aliniuliza maswali karibu dakika arobaini. Trela la mwaka gani, upana gani, limewekwa lini hapo lilipo, paa limebadilishwa lini, hita ya maji iko wapi, nyaya za umeme zimeguswa na nani, ngazi za mlangoni zina vishikio au hazina, mbwa yupo wa aina gani, banda la gari limeshikizwa kwenye nyumba au limesimama lenyewe. Nilichoka kwa kweli. Halafu akasema nenda nyumbani ufungue makabati ya jikoni na ya chumbani, tafuta karatasi ya kiwandani imegandishwa ndani, piga picha uniletee, na nje kwenye kila kipande cha nyumba kuna kibati chekundu, kipige picha nacho.

Karatasi niliikuta ndani ya mlango wa kabati la chini ya sinki, imechakaa lakini inasomeka, na nawaambia ile karatasi ni hela. Ina mwaka, namba ya nyumba, na kanda ya upepo ambayo nyumba ilitengenezewa. Alinieleza hivi: matrela yaliyojengwa kabla ya Juni 15, 1976 hayana kipimo cha serikali kuu kabisa, ndo mwaka kanuni za HUD, ile wizara ya makazi ya Marekani, zilipoanza kufanya kazi, na kampuni nyingi za bima hayo ya zamani hazitaki hata kuyasikia. Halafu Agosti 1992 kikaja kimbunga Andrew, kule Homestead kusini mwa Florida matrela 1,167 kati ya 1,176 yakasambaratika. Yaani yalibaki tisa. Baada ya aibu hiyo kanuni zikakazwa, na kuanzia Julai 1994 nyumba za kupelekwa sehemu za vimbunga zikaanza kujengwa kwa nguvu zaidi, kanda ya II kuhimili upepo wa maili 100 kwa saa, kanda ya III maili 110, na Florida nzima ni mojawapo ya hizo mbili, hakuna kanda ya I huku. Polk ni ya II, ukienda kaunti za Pinellas au Sarasota ni ya III.

La kwetu la 1996, kanda ya II, kwa hiyo tulikuwa upande mzuri wa mstari bila hata kujua. Wiki mbili kabla tulikaribia kununua lingine la 1989 kwa sababu lilikuwa na jiko jipya na bei yake ilikuwa chini kwa dola 6,000. Nilipomuuliza huyu mama lile lingekatiwa bima kwa ngapi akafungua kompyuta akaangalia, akasema kampuni mbili zisingelitaka na ya tatu ingenitoza zaidi ya ninayolipa sasa kwa malipo madogo zaidi. Kwa hiyo kama bado hujanunua, nenda kwa ajenti na picha ya ile karatasi kabla hujatoa hela, jiko zuri halina msaada hapo.

Kingine alichotaka ni picha za chini ya nyumba. Mume wangu alifungua sketi, yaani ule ukuta mwepesi unaozunguka chini ya trela, akaingia na tochi, akakuta mikanda miwili ya chuma inayofunga nyumba isipeperuke imelegea kabisa unaitikisa kwa mkono, na nanga moja, yaani chuma kilichozamishwa ardhini kushika mikanda, imeota kutu. Tulimlipa fundi mwenye leseni dola 480 akakaza yote na kubadilisha nanga, akatupa barua yenye sahihi. Jimbo lina programu ya kufunga matrela upya bure, inasimamiwa na Tallahassee State College, ni kwa yale yaliyo kwenye mapaki, sisi hatukusubiri maana Juni ilikuwa inakuja, ila kaulizeni ofisi ya paki yenu kama mmo kwenye orodha. Ile nyingine inayotangazwa sana, My Safe Florida Home, ya kuimarisha mapaa na madirisha, msijisumbue, matrela hayamo, ni ya nyumba zilizojengwa pale pale kiwanjani. Hilo linaniuma, tunaoishi kwenye nyumba dhaifu zaidi ndo tumeachwa.

Sasa bei. Alinipa kotesheni tatu kwa thamani ya nyumba dola 72,000, akazipanga mezani na kunieleza moja moja, na hapa ndo pa kusoma taratibu.

Ya chini ilikuwa dola 1,760. Upepo umo, sawa. Ila didaktibo ya kimbunga ilikuwa asilimia 10. Didaktibo ni ile hela inayotoka kwanza kwako kabla kampuni haijatoa yake, na watu wengi wanakosea hapa wanadhani ni asilimia 10 ya uharibifu, sio, ni asilimia 10 ya thamani nzima iliyokatiwa bima, kwa hiyo kwangu mimi ni dola 7,200. Kimbunga kikiharibu vitu vya dola 7,000 napata sifuri. Pia ilikuwa ni ile aina ya kampuni zinazouza nje ya mfumo wa kawaida wa jimbo, sio matapeli, zinaruhusiwa, na mkataba wenyewe unasema wazi, ila zikifilisika ule mfuko wa dhamana wa Florida unaoitwa FIGA hauzigusi. Na kufilisika sio hadithi, miaka hii ya 2021 mpaka 2023 kampuni kadhaa za bima ya nyumba zilianguka Florida, watu wakiwa na madai yao hayajalipwa.

Ya kati ilikuwa Citizens, dola 2,040. Hili ni shirika la jimbo lenyewe, liliundwa 2002 kwa ajili ya watu waliokosa bima kwingine. Nilitaka hii moja kwa moja, akanizuia akasema hutaweza, kwa sababu kuna sheria ya asilimia 20, yaani kama kampuni binafsi inayokubalika imekupa bima ya kulingana na bei yake haizidi ya Citizens kwa zaidi ya asilimia 20, Citizens hawaruhusiwi kukuchukua. Tukapiga hesabu, 2,040 ongeza asilimia 20 ni 2,448, na kampuni binafsi ilikuwa imetoa 2,310. Basi mlango umefungwa. Akaniambia pia hata ukiwa umo, Citizens wanaweza kukuhamishia kampuni binafsi kwa barua, kwa hiyo barua zao usitupe bila kufungua, na wakipungukiwa hela baada ya kimbunga kikubwa wenye bima zao wanaongezewa tozo juu. Nilishukuru kwa kuelezwa, maana mwanzoni nilidhani ananizuia ili apate kamisheni kubwa upande mwingine, nikaenda kusoma mwenyewe nikakuta ndo sheria.

Ya juu ndo hiyo 2,310, kampuni binafsi yenye leseni ya jimbo, FIGA inaihusu, didaktibo ya kimbunga asilimia 2, yaani dola 1,440, na kwa mambo mengine kama moto au tawi kuanguka ni dola 1,000. Tulipopeleka barua ya fundi wa mikanda na picha ya karatasi ya kiwandani ikashuka mpaka 2,170. Zile dola 480 za fundi nilipunguziwa 140 mwaka wa kwanza tu, na punguzo linaendelea kila mwaka, na nyumba imeshika vizuri zaidi.

Nikakaa na mume wangu usiku tukaandika kwenye daftari. Tofauti ya bei kati ya ya chini na hii ni dola 410 kwa mwaka. Tofauti ya didaktibo ni dola 5,760. Ili ile ya bei rahisi inilipe mimi, inabidi nikae miaka 14 bila kimbunga hata kimoja cha kunigusa. Polk County! Irma 2017, Ian 2022, kila baada ya miaka michache kitu kinapita. Tukachukua ya 2,170, tukakubali kulipa mara nne kwa mwaka, wanaongeza ada ndogo kwa hilo.

Kuna mambo mawili aliyonisisitizia ambayo sikuyapenda kuyasikia lakini namheshimu kwa kuyasema kabla hajachukua hela yangu. La kwanza, bima hii paa inalipwa kwa thamani ya sasa, sio bei ya paa jipya, yaani wanatoa uchakavu. Ya kulipa bei ya jipya ilikuwepo ila inataka paa lisilozidi umri fulani na letu lilishapita. La pili, banda la gari la alumini na veranda yenye wavu hazimo kwenye kimbunga, kabisa. Akaniambia na sababu, kwamba mara nyingi banda lililoshikizwa kwenye trela ndo linang'oka kwanza na likiondoka linavuta ukingo wa paa, mvua inaingia. Nilimsikia, nikasema sawa, ila banda sikulitoa.

Mafuriko ni habari nyingine. Bima ya nyumba hailipi maji yanayotoka ardhini au ziwani, unakata ya peke yake, sisi tulikata ile ya serikali kuu, NFIP, kupitia ajenti huyo huyo. Wanakubali trela ila lazima liwe limefungwa kwa nanga, na kawaida inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua. Msimu wa vimbunga unaanza Juni 1 mpaka Novemba 30, kwa hiyo ukikumbuka katikati ya Mei umeshachelewa kuanza nao. Mume wangu aliona ni hela ya kutupa maana hatuko kwenye eneo jekundu la ramani. Baadae alipoona nyumba za pale Lake Bonny, Lakeland, zimekaa ndani ya maji wiki kwa wiki baada ya kimbunga Milton, hakulisema tena hilo.

Naam, Milton. Oktoba 9, 2024 usiku, kiliingia nchi kavu pale Siesta Key na kukatiza jimbo. Sisi wa matrela ndo huwa wa kwanza kuambiwa tutoke, na mi sihitaji kuambiwa mara mbili, tulikuwa tumeshahamia kwa shemeji yangu kwenye nyumba ya matofali toka jana yake, na watoto na makaratasi yote kwenye begi la plastiki. Kuna dada mmoja pale paki alipiga simu Jumatatu ile Milton ikiwa bado iko baharini, Ghuba ya Meksiko, anataka kukata bima, kila kampuni ikamwambia haiwezekani. Ndo wanavyofanya, dhoruba ikishasogea wanafunga mauzo, huwezi kununua wala kuongeza chochote mpaka ipite. Alilia sana yule dada. Nyumba yake ilipona, Mungu alimsaidia.

Ya kwetu banda liling'oka, kama alivyosema yule mama, kwa mpangilio ule ule. Likaondoka na ukingo wa paa wa upande wa nyuma, maji yakaingia chumba cha watoto, dari likashuka. Mwili wa nyumba haukusogea hata kidogo, mikanda ilishika.

Nilimpigia ajenti asubuhi ya tarehe 11 akapokea mwenyewe, mlio wa pili. Akasema funikeni paa kwa turubai, hifadhi risiti, piga picha kila kitu kabla ya kuondoa, na usisaini karatasi ya fundi yeyote atakayegonga mlango akisema atashughulika na bima kwa niaba yako. Walikuja kweli, siku hiyo hiyo, watatu. Toka mwanzo wa 2023 bima mpya huku haziruhusu tena kumkabidhi fundi haki ya malipo yako, kwa hiyo anayekuletea karatasi ya namna hiyo muondoe mlangoni.

Mkaguzi wa kampuni alikuja siku ya 12. Alihesabu uharibifu wa dola 6,850, akatoa uchakavu 1,900, akatoa didaktibo 1,440, hundi ikawa dola 3,510. Ilifika siku ya 47. Sheria inawapa siku 60 za kulipa au kukataa, na siku 7 za kukujibu kwamba wamepokea dai, na wewe una mwaka mmoja tu toka siku ya uharibifu wa kulifungua, msikae mkisubiri kuona. Banda lenyewe hawakulipa senti na nilijua hawatalipa. Kwa ile bima ya asilimia 10 ningepata sifuri kwa kila kitu, na kwa ile ya dola 890 isiyo na upepo hata simu yangu wasingeisikiliza kwa muda mrefu.

Jambo lingine zuri la hapa Florida, didaktibo ya kimbunga kawaida inahesabiwa mara moja kwa mwaka wa kalenda, kikija cha pili mwaka huo huo uliyoshatoa inahesabika. Mzee jirani anasema 2004 alitoa upya kwa kila kimbunga, na ni baada ya mwaka ule ndo sheria ikabadilishwa.

Kwa nini sio nyota 5? Kwanza siku hizo 47 zilikuwa ndefu, watoto walilala sebuleni, na simu ya kampuni ya bima (sio ya ajenti) unasubiri dakika hamsini halafu inakata, nilikuwa napiga nikiwa kazini nikiwa nimeweka spika. Pili, Juni 2024 nilipata barua ya kampuni inasema ngazi yangu ya nyuma haina kishikio na nina siku 30 kurekebisha la sivyo wanafuta bima, wakati picha ya ngazi yenye kishikio nilishampa ajenti Aprili. Ilikaa kwenye kompyuta yake hakuituma. Aliomba radhi na kuituma siku hiyo hiyo, ila nilikosa usingizi siku mbili, ndo msimu ulikuwa umeanza tu. Kwa hiyo kila unachompa ajenti muombe uthibitisho kwamba kampuni imepokea. Tatu, bei. Aprili 2025 ilipanda mpaka 2,395. Nilimwambia atafute upya, akatafuta kweli, kampuni nne, akanirudishia jibu kwa maandishi kwamba hakuna nafuu kwa bima ya kulingana na ile, labda nipandishe didaktibo iwe asilimia 5 nibaki kwenye 2,190. Tulikataa, asilimia 5 ni dola 3,600 na akiba yetu ya dharura haijafika hapo. Mwenye akiba hiyo benki anaweza kuchukua, kwake ni hesabu nzuri.

Bado nipo naye na nimeshampelekea watu wanne wa hapa paki, wawili wakahamia kwake, mmoja akabaki alikokuwa baada ya huyu mama kuangalia mkataba wake na kumwambia ulio nao ni mzuri, usihame. Alimwambia hivyo bila kupata kitu.

Banda la gari hatukulirudisha. Fundi alitaka dola 2,600 kulijenga kama lilivyokuwa, tumeweka hela hiyo kwenye paa, gari linakaa juani.